Kiapo cha Jezi Namba Saba

Sitataja jina la mtu yeyote humu. Si kwa adabu. Niliwahi kulivaa jina la mwenzangu kwa siku nne, enzi za usichana wangu, na mpaka leo sijafanikiwa kulivua.

Kazi yangu ni kutunza stoo ya michezo katika chuo kikuu kimoja cha huku kwetu Bagamoyo. Stoo yenyewe ni chumba kimoja chenye dirisha la nondo na mlango wa chuma ulioliwa na chumvi. Upepo ukiusukuma mlango ule ukajifunga, aliye ndani hawezi kuufungua mpaka mtu wa nje auvute kwa nguvu zote. Nimeshafungiwa humo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Zamani nilikuwa napiga kelele. Siku hizi najilaza juu ya mikeka ya mazoezi, katikati ya mipira iliyokwisha pumzi, nangoja mtu apite. Idara ya majengo nimewaandikia barua mpaka nimechoka, na wao wananijibu kuwa mlango ni mzima kwa sababu unafunga vizuri.

Mwaka huu chuo kilikuwa na maadhimisho yake, na afisa habari akatumwa kuandaa kijitabu. Ni binti mchangamfu, mzaliwa wa Dar, kasomea mambo hayo ya habari mpaka digrii.

"Shikamoo, Mama Stoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nimepewa kurasa za historia ya timu zetu, mpira wa miguu na mpira wa wavu. Kila ninayemuuliza ananiambia niende kwa Mama Stoo, huko ndiko kumbukumbu zote ziliko. Nisaidie, maana huko ofisini mafaili yameliwa na mchwa."

Nikamkaribisha juu ya boksi la koni za mazoezi, nikaegesha jiwe mlangoni, nikaanza kumsimulia.

Historia ya timu ya mpira wa miguu ni nyepesi kuisimulia kwa sababu haina kombe ndani yake. Imejaa nusura. Kuna mwaka walikosa fainali kwa penalti ya mwisho iliyogonga mwamba. Kuna mwaka walifungwa na vijana wa Mbegani waliokuja bila viatu. Na kuna mwaka ambao kamati ya ufundi, na msomaji anajua kuwa kamati hiyo haimfundishi mtu kupiga chenga, iliambiwa na mtaalamu wake kwamba pale getini kumezikwa kitu. Basi timu nzima, wasomi wa shahada, wengine wa sayansi, wakaingia uwanjani kwa kuruka ukuta. Ukuta wenyewe umepandwa vipande vya chupa. Kipa wetu alichanika bukta na sehemu nyingine ambayo siitaji, akadaka dakika tisini mkono mmoja ukiwa nyuma. Walifungwa manne. Kamati ikasema bila kuruka ukuta wangefungwa manane.

Afisa habari alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilicheka naye, maana ni kweli inachekesha, na pia kwa sababu nilijua tunakoelekea.

Pamoja na hayo yote, basi la chuo lilikuwa la watu wa mpira wa miguu, na jezi mpya zilikuwa zao. Zikipauka walipewa wanaume wa mpira wa wavu. Zikichoka huko ndipo wanawake wa mpira wa wavu waliporithi, zikiwa zinawafika magotini. Na hao warithi wa mwisho ndio waliokiletea chuo kombe la pekee kililonalo. Liko mapokezi, kwenye kabati la kioo. Picha ya timu iko stoo kwangu, ukutani, juu ya meza.

"Hii ndiyo timu yenyewe?" akauliza, akaishusha. "Nitajie majina, mama. Kuanzia huku."

Nikamtajia mmoja mmoja. Tulipofika kwa yule msichana mrefu wa namba saba, mwenye ushungi mweusi na mpira mkononi, nikalitaja jina lile. Nililitaja upesi, kama mtu anayemeza kidonge.

"Khe, huyu si ndiye mgeni rasmi wetu? Kumbe alikuwa hatari hivi! Usoni kabadilika sana."

"Miaka mingi, mwanangu," nikasema.

Namba saba ni mimi.

Wakati ule sikuwa mwanafunzi wa chuo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo nyumbani hatukuyazungumzia tena, nikawa namsaidia mama yangu mdogo kukaanga chapati katika kantini ya chuo. Shuleni nilicheza sana mpira wa wavu. Uwanja wa wavu ulikuwa nyuma ya kantini, mpira ukawa unaturukia jikoni kila jioni, na mimi nikawa naurudisha kwa kuupiga juu ya paa la bati. Jioni moja kocha alizunguka akaja kusimama mlangoni. Hakusalimu.

"Ulikuwa unauona uwanja kutoka hapa?"

"Hapana, mwalimu."

"Mpira umeangukia kwenye mstari. Mara tatu mfululizo. Hebu vua hiyo aproni."

Nikawa nafanya nao mazoezi, nikisaidia tu kukamilisha idadi. Wachezaji walinipenda, na mmoja wao akawa rafiki yangu hasa. Huyo nitamwita mwenye jina. Alikuwa mrefu kama mimi, mtu wa kucheka, binti wa watu wenye nafasi yao, na hakuwahi hata siku moja kunifanya nijione muuza chapati. Wiki moja kabla ya mashindano ya vyuo aliruka kuzuia mpira, akatua vibaya, goti likalia. Tulilisikia wote.

Orodha ya wachezaji ilikuwa imeshapelekwa na haikuruhusiwa kubadilishwa. Kocha alikaa chini uwanjani muda mrefu, kisha akaniangalia. "Jina lipo," akasema. "Goti ndilo halipo."

Mchezaji anayeingizwa timu isiyo yake, kwa karatasi zisizo zake, tunamwita mamluki. Nilikuwa nalijua neno hilo na ubaya wake. Lakini kocha aliniahidi kwamba tukirudi na kombe atanitafutia nafasi ya kusoma cheti palepale chuoni, na mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa mwenye harufu ya mafuta ya kukaangia mpaka kwenye nywele. Nilitaka kusoma. Zaidi ya kusoma, nilitaka kucheza. Mwenye jina akanifundisha maisha yake akiwa kitandani hosteli, mguu umewekwa juu ya ndoo iliyofunikwa: namba ya usajili, kozi, mkuu wa idara, namba ya chumba, jina la kati la baba yake. Kitambulisho chake kilikuwa kimeingia jasho ndani ya plastiki, uso umebaki kivuli na ushungi.

Mashindano yalifanyika Dar. Mama mdogo niliagana naye kwa uongo wa safari ya harusi. Tulilala madarasani, siku nne, na siku hizo nne zilikuwa ndefu. Waliniita kwa jina lile nikawa nachelewa kugeuka. Sikuthubutu kupiga soga na mtu wa timu nyingine. Nikienda bafuni nilikuwa narudia namba ya usajili kimoyomoyo kama mtoto anayehifadhi sura ya Kurani. Uwanjani tu ndipo nilipopumua. Nikiwa nyuma ya mstari, mpira mkononi, sikuwa na jina lolote na sikulihitaji.

Tulifika fainali. Wapinzani wetu walikuwa timu ngumu, na nahodha wao alikuwa msichana mfupi mwenye macho makali. Tulikuwa tumemaliza seti ya kwanza tu alipomwendea mwamuzi na kunyoosha kidole.

"Huyu namba saba si mwanafunzi. Ni muuza chapati wa kantini yao. Tulikwenda kucheza nao mechi ya kirafiki, akaniuzia chapati kwa mkono wake. Mtazameni mkono wa kulia, pana kovu la moto."

Kovu lilikuwepo. Lipo hadi leo.

Mchezo ukasimamishwa. Nikapelekwa chini ya turubai, mbele ya meza ya wazee watatu wa kamati ya mashindano. Wakaniuliza namba ya usajili, nikaitaja. Mkuu wa idara, nikamtaja. Chumba, nikakitaja. Kovu? Nikasema pasi iliniunguza hosteli. Mmoja akakigeuzageuza kitambulisho, akakisogeza mbali na macho, akakirudisha mezani. Nahodha alisimama pale pembeni. "Muulizeni bei ya chapati," akasema. Hakuna aliyecheka.

Sasa yule mzee wa katikati alikuwa mtu wa pwani, kofia ya kiua, sauti ya taratibu. Angeweza kupiga simu chuoni kwetu. Angeweza kutaka picha nyingine. Lakini kwetu sisi watu tuliolelewa hivyo kuna jambo moja linalomaliza maneno yote, na yeye akalifuata hilo akaacha karatasi.

"Binti, wewe ni Mwislamu?"

"Ndiyo, babu."

"Basi apa, yaishe. Mtoto wa Kiislamu haapi uongo."

Nilimtafuta kocha kwa macho. Alikuwa anatazama chini. Nyuma yake timu nzima imeshikana mikono, jezi za kurithi zimewafika magotini, wasichana ambao basi lao hupewa wengine. Ningesema "siapi," yote yangeishia pale. Nikafungua mdomo.

"Wallahi, mimi ndiye."

Mzee akafunga faili. Aliniambia, "Kacheze, mwanangu."

Nikacheza. Sitadanganya humu, uongo wangu umeshanitosha: nilicheza vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Pointi ya mwisho niliianzisha mimi, mpira ukaenda umetulia, ukafika kwao ukayumba, ukaanguka kwenye mstari bila kuguswa. Nilifurahi mpaka nikalia. Sijawahi kufurahi hivyo tena, hata siku ya harusi yangu, na marehemu mume wangu Mungu amrehemu alikuwa mtu mwema.

Kisha wakamleta nahodha. Kamati ilikuwa imeamua kwamba amemsingizia mwenzake mbele ya watu, naye ameapiwa na bado anabisha. Wakamfungia asicheze michezo ya vyuo mpaka amalize masomo yake. Wakamwamuru aniombe radhi pale pale uwanjani, timu zote mbili zimepanga mistari. Alikuja, akanipa mkono. Aliyatamka maneno ya radhi kwa sauti waliyotaka wao waisikie. Halafu akaugeuza mkono wangu kidogo, kovu likawa juu, akasema kwa sauti ya kunifikia mimi tu, "Mkono huu naujua."

Nafasi ya cheti haikupatikana. Kocha alisema vigezo vimebadilika. Badala yake akanitafutia kazi ya stoo, na nilichukua miaka kadhaa kuelewa kwamba mtu unayemwogopa mdomo wake unamweka karibu, tena unampa funguo ajione ameaminiwa. Kocha ameshatangulia mbele ya haki. Wachezaji wenzangu walimaliza wakatawanyika, na wafanyakazi waliokuwa wakijua wamestaafu au wamejisahaulisha. Nikabaki na picha.

Nilikwenda kwa bibi mmoja anayesomesha wanawake dini, nikamweleza kama habari ya mtu mwingine. Akaniambia aliyeapa uongo atubu, na alishe masikini kumi. Asipoweza afunge siku tatu. Nikafunga. Nikaweka nadhiri juu yake kwamba kiapo hakitatoka tena mdomoni mwangu, kwa kweli wala kwa uongo, mpaka nizikwe. Nikarudi kwa bibi nikamuuliza je, huyo mtu sasa ametoka dhambini? Akaniangalia sana.

"Kafara ni ya Mungu. Pana mtu aliyedhulumiwa humo?"

"Yupo."

"Basi haki yake hailipwi kwa njaa yako. Mwambie huyo mwenzio aende kwa mwenye haki yake."

Sikwenda. Nilikuwa na kazi, kisha nikawa na mume, kisha nikawa na watoto wa kusomesha, na kila kilichoongezeka kilikuwa nondo nyingine kwenye dirisha lile. Mara moja nilimwona nahodha stendi ya Bagamoyo, mwalimu sasa, ameongozana na wanafunzi waliokuja kutembelea magofu. Nilijificha nyuma ya bajaji mpaka wakapita. Nikamuuliza mwanafunzi mmoja aliyebaki nyuma wametoka wapi. Ubena, akasema. Kuanzia siku hiyo nilijua anakokaa, ikawa mbaya zaidi.

Sasa turudi kwenye maadhimisho. Asubuhi ya siku yenyewe afisa habari aliniletea kijitabu mkono kwa mkono, kwa furaha. Picha ilitoka vizuri. Chini ya namba saba jina la mgeni rasmi limeandikwa kwa herufi nzito. Nikasoma habari ya fainali. Alikuwa ameipata ripoti ya kocha kwenye faili moja lililonusurika na mchwa, akaandika kwamba timu yetu ilishinda "licha ya tuhuma za uongo za nahodha wa wapinzani, ambaye alikiri kosa na kuadhibiwa."

Nilisoma sentensi hiyo nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Uongo wangu ulikuwa wa mdomo na ulikuwa umeanza kuzeeka. Sasa umepigwa chapa, utakaa maktaba, na watoto wa yule mwanamke wataweza kuusoma. Upepo ukausukuma mlango, ukajifunga. Sikupiga kelele. Nilikaa humo na kile kijitabu mpaka kibarua aliyetumwa kuchukua mikeka alipokuja kunifungulia, na nilipotoka nilikuwa nimeshaamua.

Uwanja ulikuwa umejaa. Mgeni rasmi alikaa jukwaani, mnene kidogo, amependeza, anachechemea anaposimama. Tulikumbatiana mbele ya watu. Wa timu ile alikuja yeye peke yake. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa Mama Stoo, mkongwe wa michezo, atatuonyesha picha ya mabingwa. Picha ilikuwa imekuzwa kwenye turubai kubwa, na namba saba alikuwa mrefu kama mlango. Nikapewa kipaza sauti.

"Huyu wa namba saba," nikasema, "ni mimi. Nilicheza kwa jina la mgeni rasmi kwa sababu goti lake lilikuwa limeumia. Sikuwa mwanafunzi, nilikuwa nakaanga chapati. Yule nahodha aliyenituhumu alisema kweli."

Kisha kicheko kikaanzia kwa wanafunzi, kikapanda jukwaani, mpaka wazee wa baraza la chuo wakawa wanatikisika. Kumbe miaka yote ya kusimulia habari za kipa na bukta yake nilikuwa najijengea nyumba ya utani, na sasa sikuwa na mlango wa kutokea.

"Mama Stoo huyo!" akasema mshereheshaji. "Kila mtu leo anataka kuwa bingwa. Haya Mama, kama kweli, apa."

Watu wakaitikia: "Aape! Aape!"

Neno lenyewe dogo, nililijua ladha yake. Nilipokuwa mwongo nililitamka mara moja tu, likanifungulia kila kitu. Sasa nilikuwa na ukweli mtupu mkononi, na wanaoutaka wanauomba uje na neno lile lile nililomwahidi Mungu kuliacha. Nikasema, "Siapi." Nilisema wazi. Kicheko kikawa kikubwa zaidi, maana kwa watu wetu asiyeapa amejibu.

Mgeni rasmi akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Nilimtazama machoni, nikaona anakumbuka: ndoo chini ya mguu, namba ya usajili, jina la kati la baba yake. Nikadhani sasa atasema. Akanizungushia mkono begani.

"Mnamwona huyu?" akawaambia. "Huyu ndiye aliyekuwa akitufulia jezi. Bila yeye tusingeshinda."

Wakanipigia makofi marefu.

Alasiri alinifuata stoo, mkoba wa kanga mkononi. Alisimama kizingitini, hakuingia.

"Dada, ungetaka niseme nini? Nina kazi ya watu. Cheti cha ushindi ule kipo kwenye faili langu."

"Nilitaka useme ndiyo."

"Mbona hukuapa?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya kweli, hata ya huruma. "Ungeapa, nisingekuwa na la kusema. Ningenyamaza tu."

Akaweka kanga juu ya boksi, akaondoka akichechemea. Nilimpenda sana yule mtu zamani. Nadhani bado nampenda, na ndiyo maana inauma. Kanga sijazifungua.

Jumatatu vibarua walileta vijitabu vilivyobaki, maboksi matatu, wakayaweka stoo kwangu kwa sababu kila kisichotakiwa chuoni huletwa stoo kwangu. Maktaba watavifuata wakipata nafasi, walisema, na vingine watapewa wageni. Nilitia saini kuvipokea. Kisha nikakaa nikayatazama maboksi yale, na kwa mara ya kwanza tangu nipewe zile funguo nilifurahi kuwa nazo.

Nilikata boksi la kwanza. Nikachukua kalamu ya wino, nikafungua ukurasa wa fainali, nikakata ile sentensi kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika pembeni: "Si kweli. Nahodha alisema kweli. Aliyecheza namba saba hakuwa mwanafunzi." Nikafanya hivyo kwenye cha pili, na cha tatu. Ijumaa sikuingia kazini. Nikapanda gari la Msata, nikaunganisha mpaka Chalinze, nikafika Ubena mchana, jua la utosi, vijitabu viwili ndani ya mkoba.

Nilimkuta nahodha kwenye nyumba ya mwalimu pale shuleni kwake, anakuna nazi kibarazani. Amekuwa mwalimu mkuu. Nilipobisha hodi alinitazama usoni bila kunitambua, akanikaribisha vizuri kama anavyokaribishwa mgeni yeyote. Nikakunja mkono wa baibui, nikamwonyesha kovu.

Aliiweka chini ile nazi. Hakuniambia niketi. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama, turubai, kiapo, kufunga, stendi ya mabasi, makofi. Nikampa kijitabu. Alisoma yaliyopigwa chapa, akasoma niliyoandika, akayarudia.

"Umeandika kwa kalamu."

"Ndicho nilichonacho."

"Viko vingapi?"

"Maboksi matatu."

"Nililia mwaka mzima," akasema. Hakuwa analia sasa. "Si kwa kufungiwa. Nilianza kujiuliza kama kweli niliona. Kwamba labda haikuwa wewe. Mtu akiapiwa mbele yake, anaanza kuyatilia shaka macho yake mwenyewe. Unalijua hilo?"

"Silijui. Naomba unisamehe."

"Msamaha tutauzungumza maboksi yakiisha."

Nikakubali, ilikuwa haki. Akaingia ndani, nikadhani amenifukuza kistaarabu. Akarudi na kalamu nyekundu ya kusahihishia, na kigoda, akakisukuma upande wangu kwa mguu. Akafungua kijitabu juu ya paja.

"Umeandika 'nahodha'. Nahodha hana jina?"

"Niliogopa kulitumia jina la mtu bila ruhusa yake."

Akaangua kicheko kifupi, cha kukasirika. Akaliandika jina lake mwenyewe, majina yote matatu, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Kisha kalamu ikasimama juu ya namba saba.

"Na wewe," akasema, "hivi unaitwa nani? Mimi nakujua kwa jina la yule mwingine tu."

Nikamtajia jina langu, alilonipa baba yangu, na la baba, na la babu. Aliliandika polepole chini ya picha, akanigeuzia nihakikishe herufi. Hakuniambia niape.